Jinsi ya kukamata maneno ya Kiingereza yenye "pod" na "pus" ndani yake

Kama unasoma baiolojia na yale majina marefu yanakutoa jasho, acha kukariri moja moja, shika mzizi mmoja kwanza. Wagiriki wa kale mguu waliuita "pous", ukitaka kusema "wa mguu" inakuwa "podos", ndo maana kwenye Kiingereza unaukuta mara "pus" mara "pod", kitu ni kilekile.

Kazi yako ni kukata neno halafu uulize, mguu wa namna gani? Arthropod: "arthron" ni kiungo, ndo hiyohiyo ya arthritis, ugonjwa wa viungo, kwa hiyo ni wenye miguu ya viungo viungo, kaa, nge, panzi, buibui. Gastropod, "gaster" ni tumbo, sasa siku konokono akipanda kwenye kioo cha dirisha mwangalie kwa upande wa pili, utaona ile nyama pana inavyojikunjakunja mawimbi madogo madogo anavyosogea, yaani jamaa anatembelea tumbo. Cephalopod ni kichwa, hapo wanaingia pweza na ngisi manake minyiri yao imeotea kichwani. Octopus ni miguu minane, tripod mitatu, platypus, yule mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata, mguu bapa, rahisi.

Ninayoipenda mimi ni Oedipus, yule mfalme wa Thebes kwenye hadithi za Kigiriki, alitobolewa vifundo vya miguu akiwa kichanga akatupwa mlimani, jina lake ni "mguu uliovimba", na huo uvimbe ndo oedema ya madaktari mpaka leo!

Sasa mitego. Pedal, pedestrian na pedicure ni mguu kweli ila wa Kilatini, "pes". Pediatrician wala hausiani na mguu, huyo ni daktari wa watoto, katoka kwenye "pais", mtoto kwa Kigiriki, daktari wa miguu ni podiatrist, usije ukapanga foleni siyo. Podcast nayo imetoka kwenye iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, ikaunganishwa na broadcast, neno la 2004 tu hilo. Na "pus" ikisimama peke yake ni usaha jamani.

Pweza wakiwa wengi andika octopuses. Wanaoandika octopi wanalibandika neno la Kigiriki mkia wa Kilatini, na ukitaka kuringa kabisa sema octopodes.