Jinsi ya Kujenga Reli Ndogo ya Mfano Utakayoimaliza

Reli nyingi za mfano, yaani reli na treni ndogo za kujijengea nyumbani kwa kuiga zile halisi, hukwama njiani si kwa sababu mjenzi hana ufundi, bali kwa sababu alianza na mpango wa kujaza chumba kizima: stesheni tatu, daraja, handaki na mji. Miezi inapita akikata mbao na kuvuta nyaya, treni haijatembea hata mara moja, na hamu inakwisha. Katika kazi hii kinachotia hamu ni treni inayotembea, kwa hiyo mpango mzuri ni ule unaokufikisha hapo mapema na kuipa treni kazi ya kufanya. Kwa anayeanza, au aliyewahi kukata tamaa, napendekeza mpangilio uitwao Inglenook, ulioasisiwa na Mwingereza Alan Wright.

Mpangilio huo unahitaji pointi mbili tu, yaani vile vipande vya reli vyenye ulimi unaosogezwa ili kuipeleka treni upande huu au ule. Pointi hizo huzaa njia tatu za kuegesha: moja ya mabehewa matano, na mbili za mabehewa matatu kila moja. Upande wa pili wa pointi kuna kipande kifupi cha reli kinachotosha injini na mabehewa matatu, bila nafasi ya ziada. Ufinyu huo umekusudiwa, kwa maana ndio unaoleta mchezo. Weka mabehewa manane relini, matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye mojawapo ya zile fupi. Andika namba zake kwenye vikaratasi, chota vitano bila kutazama, kisha uunde treni kwa mfuatano uleule uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, na kila mmoja hukulazimu kufikiri upya behewa lipi litangulie kutolewa na lisubiri wapi.

Kuhusu ukubwa, ukitumia kipimo cha OO cha Uingereza (1:76, yaani kila kitu ni kidogo mara 76 kuliko cha kweli) pamoja na mabehewa mafupi ya mizigo ya magurudumu manne, ubao wenye urefu wa sentimita 130 na upana wa 30 unatosha. Ukitumia HO (1:87) kwa mabehewa marefu ya Marekani, utahitaji karibu mita mbili. Vipimo vyote viwili hutembea juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, ambao kwa kipimo cha HO ndio upana sahihi wa SGR ya Kenya na ya Tanzania. Anayetamani kuiga reli ya zamani ya mita moja, kama ya Voi au Tabora, atahitaji reli ya milimita 12, ambayo hutumiwa kuiga treni za milimani Uswisi, na mabehewa atalazimika kujitengenezea mwenyewe. Ni kazi nzuri, lakini ningeiacha kwa mpango wa pili.

Kata plaiwudi ya milimita 9, uipigilie fremu ya mbao nyepesi chini ili isipinde, na uhakikishe kwamba mtu mmoja anaweza kuubeba ubao peke yake. Panga reli zote bila gundi, weka juu yake mabehewa yenyewe utakayotumia, na uhakikishe kwamba njia ya matano inabeba matano bila la mwisho kuziba pointi. Ndipo utie alama kwa penseli. Unapounga reli, pitisha ukucha juu ya kila kiungio, juu na upande wa ndani: ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama, na tupa laini ikipitishwa mara chache huondoa tatizo ambalo baadaye lingekukera kila siku.

Umeme wa reli hii ni mwepesi. Kwa mfumo wa kawaida wa volti 12, nyaya mbili kutoka kwenye kidhibiti mwendo huunganishwa kwenye kile kipande kifupi cha reli, nazo pointi za aina ya kawaida hupeleka umeme kwenye njia iliyofunguliwa. Kisha sukuma mabehewa matatu kwa injini, polepole kadiri iwezekanavyo, ukipita kila njia. Kusukuma hufichua kasoro ambazo kuvuta huzificha. Usiguse rangi wala majani mpaka mwendo huo uwe wa kuaminika. Kisha tenga jioni kadhaa za kucheza tu, ukitenganisha mabehewa kwa kijiti cha mshikaki ikiwa viungio vya mabehewa hayo vinaruhusu. Watu wengi huruka hatua hii wakiona ni kupoteza muda, ilhali ndiyo inayowapa sababu ya kurudi kwenye ubao.

Mandhari yajengwe kwa vipande. Chagua eneo lenye ukubwa wa karatasi ya A4, ulimalize kabisa, kokoto, udongo, nyasi na uzio, kabla ya kuhamia jingine. Kokoto za relini hushikwa na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu pamoja na tone la sabuni ya vyombo, inayodondoshwa taratibu baada ya kuzilowesha. Kuwa mwangalifu sana karibu na ulimi wa pointi, kwani gundi kidogo tu huufunga.

Ubao ukae mahali unapoonekana, ukiwa tayari kuwashwa. Kabla ya kuondoka, andika kazi moja ndogo ya kesho na uache vifaa vyake kando; siku uliyochoka, cheza raundi moja badala ya kujenga.

Udogo huu haufungi mlango wa ukubwa. John Allen wa Monterey, California, aliyefariki mwaka 1973 na ambaye reli yake ya Gorre & Daphetid ilijulikana sana, alianza na mpangilio mdogo, na baadaye akauingiza ndani ya ule mkubwa. Ili nawe uweze kufanya hivyo, kipande kile kifupi cha reli kifike hadi ukingoni mwa ubao, na ubavu wa fremu upande huo uwe wima na ulionyooka, wenye matundu mawili ya boliti za kuungia ubao wa pili.