Kijiko kidogo kinawaka lakini hakichimbi? Pampu iache kwanza

Opereta mmoja wa kijiko, ile mashine ndogo ya kuchimbia, alinipigia saa mbili asubuhi, yuko Kisongo nje ya Arusha kwenye mtaro wa bomba la maji. "Shikamoo fundi. Injini inanguruma vizuri, ila mkono na ndoo vimekufa. Bosi ameambiwa ni pampu ya haidroliki."

"Marahaba. Hebu tembeza mashine."

Ikatembea mbele na nyuma. Kwenye mashine ile liva za kutembea zinavuta vali, yaani mlango wa oili ya pampu, moja kwa moja, kwa hiyo pampu inayosukuma tani kadhaa juu ya cheni haijafa. Kilichokosekana ni oili ya paileti, ile presha ndogo inayoamuru vali kubwa ifunguke, na hiyo inafungwa na kufunguliwa kwa umeme. Nikapanda bodaboda pale Unga Limited na mita ya kupimia volti na fyuzi mfukoni.

Angalia liva ya usalama, ile unayoinua ili uteremke kwenye kiti. Chini yake kuna swichi. Zima injini, washa ufunguo, ishushe na kuiinua huku mwenzako ametega sikio karibu na solenoidi, ile vali ndogo ya umeme inayofungua oili ya paileti. Kwa mashine nyingi utasikia "tik". Kukiwa kimya, pima fyuzi kwa mita pande zote mbili, maana macho hudanganya. Kisha chomoa plagi ya solenoidi upime volti, waya mweusi wa mita ukiwa kwenye hasi ya betri, si kwenye bodi yenye rangi. Volti 12 zikifika na solenoidi haigongi, huenda koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake, imeungua. Zisipofika, rudi nyuma hadi kwenye swichi. Ile ya Kisongo plagi yake ilijaa vumbi laini kama unga wa sembe. Nikaisafisha, mkono ukanyanyuka.

Fyuzi ikikatika tena, usiweke kubwa zaidi, na usiniletee habari za kipande cha waya. Tafuta waya uliochubuka pale unapopita kwenye maungio ya mkono. Panya nao wanapenda mashine iliyolala wiki mbili.

Umeme ukiwa safi ndipo uingie kwenye oili. Shusha ndoo hadi chini, zima injini, washa ufunguo, chezesha liva zote mara kadhaa presha itoke. Mfumo huu unafanya kazi kwa zaidi ya bar 200. Mpira wa oili ukivuja kidogo usipapase kwa kiganja, pitisha kipande cha boksi. Oili ikipenya ngozi, nenda hospitali hapo hapo hata kama hakuna maumivu. Kidonda kinaonekana kama cha sindano, huku ndani nyama inaharibika.

Pima kiwango cha oili mkono ukiwa umekunjwa kama stika inavyoonyesha. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Ikitoa povu na pampu inalia, hewa inaingia upande wa kunyonya, mara nyingi kwenye klipu iliyolegea. Kijiko chenye nguvu asubuhi kinachochoka saa nane kinachemsha oili: puliza rejeta kwanza. Ikiwa safi na bado kinachoka, hapo sasa nakubali tuzungumzie pampu.

Kijiko kikivuta upande mmoja kikitembea, badilisha mipira ya kushoto na kulia pale kwenye vali. Kumbuka sasa liva ya kushoto inaendesha cheni ya kulia. Udhaifu ukihamia cheni ya pili, tatizo liko kwenye vali au nyuma yake. Ukibaki palepale, fuata swivo, kile kiungo kinachozunguka kinachopitisha oili kwenda chini, na mota inayozungusha cheni. Ziba kila mdomo kwa kizibo, si kitambaa. Niliwahi kutoa uzi wa tisheti ndani ya vali, na siku nzima ikaishia hapo.

Ukimaliza, iache injini izunguke taratibu, peleka kila kitu polepole dakika chache hewa itoke, kisha pima kiwango tena.