Kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye kikaangio cha hewa, pamoja na yale ya juu usiyoyaona

Kikaangio cha hewa kikianza kutoa moshi au harufu ya mapishi ya jana hata kabla hujaweka chakula, usikilaumu kikapu. Kikapu unakiosha kila mara. Mafuta yako juu, kwenye koili, yaani ule waya mnene unaotoa joto, na kuizunguka, mahali ambapo wengi hawajawahi kuinama wakapatazama. Feni inapuliza hewa ya moto kwa kasi ndani ya nafasi ndogo, kwa hiyo mafuta yanayoruka kwenye nyama hupeperushwa hadi huko na kuungua upya kila unapowasha.

Mwongozo huu ni wa vikaangio vya droo, ambavyo koili yake iko juu. Andaa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya moto, sponji laini, mswaki wa zamani, bekingi soda, karatasi za jikoni na vitambaa viwili. Stiliwaya, kisu na uma vikae mbali. Dawa ya kusafishia oveni nayo iache: nyingi ni kali mno, zinakula alumini na kuharibu lile tabaka lisiloshika chakula.

Hatua ya 1: Chomoa plagi

Kuzima tu hakutoshi. Kisha subiri. Kikapu unaweza kukianza kikiwa na uvuguvugu, kwani mafuta yanakuwa bado hayajashika, lakini koili iache ipoe kabisa, nusu saa au zaidi. Usimwagie maji baridi kikapu kilichotoka motoni. Kinaweza kupinda na tabaka lake likaanza kubanduka.

Hatua ya 2: Ondoa mafuta kabla ya maji

Mimina mafuta yaliyotuama kwenye kopo, si kwenye sinki, maana yakipoa yanaganda ndani ya bomba. Yaliyobaki yafute kwa karatasi, kwenye droo na kwenye wavu, yaani kile kibati chenye matundu kinachobeba chakula ndani ya droo. Ukiruka hatua hii utakuwa unahamisha mafuta kutoka kwenye droo kwenda kwenye sponji.

Hatua ya 3: Loweka

Acha wavu ndani ya droo, tia matone machache ya sabuni, jaza maji ya moto mpaka yaufunike, halafu nenda kafanye shughuli nyingine kwa dakika 30. Anayeanza kusugua mapema huchoka bure na kukwaruza chombo. Ukirudi, sponji itafanya sehemu kubwa ya kazi bila kukandamiza. Kwenye matundu ya wavu tumia mswaki, na usugue upande wa chini pia, kwa sababu ndiko mafuta yanakoning'inia.

Angalia vile vipira vidogo pembeni mwa wavu. Kama vinatoka, vitoe uvioshe. Nyuma yake mara nyingi utakuta uji mweusi wa mafuta ambao hakuna sponji inayoufikia. Virudishe vyote. Vinazuia chuma kisikwaruze droo, na kimoja kikipotea utaona mchoro mahali hapohapo. Kisha pitisha mswaki kwenye ufa kati ya mpini na droo, uinamishe droo maji yaliyojificha humo yatoke.

Hatua ya 4: Utando wa kahawia unaonata

Huo haukubali sabuni kirahisi, na kuna sababu. Mafuta yakiwa membamba na yakipata joto na hewa mara kwa mara, hubadilika na kuwa kitu kigumu kama vanishi. Changanya bekingi soda vijiko vitatu na maji kijiko kimoja, upake uji huo juu ya utando, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu ili usikauke. Baada ya dakika 20 sugua polepole kwa mizunguko, suuza, utazame. Kama bado upo, paka tena; usiongeze nguvu ya mkono. Kama sehemu hiyo ni alumini tupu, fanya haraka, kwani bekingi soda ikikaa muda mrefu inaiachia weusi.

Halafu kuna ule ushauri wa kumwagia siki juu ya bekingi soda ili itoe povu. Povu linapendeza macho, lakini asidi na alkali zinamalizana nguvu, na unabaki na maji ya chumvichumvi. Siki itumie peke yake, ikiwa imechanganywa na maji, kupunguza harufu mwishoni.

Hatua ya 5: Koili

Hakikisha tena plagi imechomolewa. Toa droo, tandika taulo mezani, ulaze kikaangio chali au ukigeuze juu chini taratibu. Mulika kwa tochi ya simu. Utaona matone ya rangi ya asali yameganda kwenye kingo, na pengine masizi juu ya koili yenyewe.

Lowesha kitambaa kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo, ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone, ufute koili kwa kuifuata mzunguko wake. Usiivute wala kuikandamiza. Palipogandamana tumia mswaki wenye unyevu. Usipulizie kitu chochote cha maji moja kwa moja huko ndani, kwa sababu feni na nyaya ziko nyuma tu, na bekingi soda isifike kwenye feni. Maliza kwa kitambaa chenye maji safi ili sabuni isibaki ikaungua. Pale pa kuingizia droo napo pafute, pamoja na matundu ya hewa ya nyuma.

Hatua ya 6: Kausha, kisha washa kikiwa kitupu

Kiache wazi mpaka ukijiridhisha kwamba hakuna unyevu popote. Mimi hukiacha usiku kucha. Rudisha droo, fungua madirisha, ukiwashe nyuzi 180 kwa dakika tano. Harufu kidogo ya sabuni si tatizo. Moshi ukiendelea, zima, kipoe, urudi hatua ya 5. Na kama tabaka la kikapu limeanza kubanduka, hapo hakuna usafi utakaosaidia. Tafuta kikapu kingine.

Kama utando unarudi haraka, chunguza mafuta unayotumia. Ya kopo la kupuliza mara nyingi huwekwa lesithini, kiambato cha kuzuia chakula kisishike, nayo ndiyo inayoacha gundi kwenye kikapu. Paka mafuta ya kawaida kwenye chakula chenyewe kwa brashi. Ukitandika karatasi ya kuokea, usiiweke kabla ya chakula: feni huinyanyua mpaka kwenye koili, ikaungua hukohuko.