SOMO: Jinsi ya kumpiga Genichiro kwenye Sekiro bila kumkimbia

Wakuu, hili somo ni la wale waliokwama kwa Genichiro, yule bosi wa juu ya ngome ya Ashina, maana najua wengi wanaliachia gemu hapo hapo na diski inaenda kuuzwa. Sekiro: Shadows Die Twice ilitoka Machi 2019, imetengenezwa na FromSoftware chini ya Hidetaka Miyazaki, na mwaka huo huo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Ni ngumu kweli, ila ugumu wake una mantiki. Genichiro ni mtihani, hujajua kupangua upanga hupiti hata kibuyu cha dawa kiwe kimejaa pomoni.

1. Elewa poscha kwanza
Ule mstari wa njano unaojaa juu kwa bosi na chini kwako ndio poscha, yaani uimara wa kusimama, na ndio unaoua, damu (uhai) inafuata. Wa kwake ukijaa unampa pigo la kumaliza hata kama damu bado anayo nyingi. Ila damu yake ikiwa imejaa poscha inarudi haraka sana, ndo maana ukimpiga mbili tatu halafu ukakimbia mbali kunywa dawa unakuta mstari umeshuka wote, umefanya kazi bure. Kwa hiyo mpunguze damu mwanzoni, ikishuka poscha yake inakuwa nzito kurudi, hapo sasa mkandamize usimpe nafasi ya kupumua.

2. Kupangua sio kukinga
Ukishikilia L1 (vitufe ninavyotaja ni vya padi ya PlayStation) unakinga tu, poscha yako inajaa ikivunjika umekwisha. Ukiibonyeza pale upanga unapofika ndio unapangua, cheche zinaruka na mlio unakuwa mkali, na ukipangua sawasawa poscha yako haivunjiki hata ikiwa imejaa mpaka mwisho. Usiibonyeze ovyo ovyo, ukispamu L1 ule muda wa kupangua unazidi kuwa mfupi. Nenda pale hekalu bovu kwa Hanbei, yule asiyekufa, atakufanyisha mazoezi bila wewe kupoteza kitu. Kaa naye mpaka mkono uzoee, msiidharau hii hatua.

3. Nunua Mikiri
Huu ni ujuzi wa kujibu pigo la kuchoma, unaununua kwa pointi 2 tu za ujuzi na bila huo unajitesa. Herufi nyekundu ya Kijapani ikiwaka juu ya kichwa chako ujue linakuja pigo lisilokingika. Akichoma na ncha bonyeza duara ukimwelekea, usirudi nyuma, jamaa yako anaukanyaga upanga chini na poscha ya adui inapanda vibaya mno. Akifagia miguu ruka halafu bonyeza kuruka tena ukiwa juu yake umkanyage. Akitaka kukukamata, hapo tu ndo ruksa kukimbia.

4. Pambano lenyewe
Mkae karibu karibu, ukienda mbali anatoa upinde na mishale yake inauma. Akiruka juu na kushuka na pigo zito pangua, ila usikimbilie kumrudishia, mara nyingi baada ya hapo anachoma au anafagia, angalia ncha ya upanga ndo utajua ipi. Kuna ile kombo yake ndefu ya mapigo mfululizo, wengi wanaogopa wanakimbia wakati ndio zawadi, ipangue yote kwa mdundo wake na usiwahi lile la mwisho maana linachelewa kidogo. Fataki za kwenye mkono wa bandia zinamshtua, tumia ukihitaji sekunde ya kunywa dawa.

5. Radi
Ukimpa mapigo mawili ya kumaliza usishangilie, anavua deraya anarudi na radi. Akipandisha radi wewe ruka, ikupige ukiwa hewani, halafu bonyeza R1, kitufe cha kupiga, KABLA hujagusa ardhi, inamrudia yeye mwenyewe na anabaki kaganda. Ikikukuta miguu iko chini imekula kwako.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu hamna sehemu ya kupunguza ugumu?
Jibu: Hamna kaka, wote tunacheza ugumu mmoja. Unachoweza ni kujiongezea nguvu, tafuta zile shanga za maombi, kila 4 zinakupa damu na poscha zaidi, na mbegu za kibuyu mpelekee Emma, yule daktari wa kwenye gemu, akuongezee dozi.

Swali: Nikifa napoteza nusu ya hela kila mara inakatisha tamaa, nafanyaje
Jibu: Kabla ya bosi nunua vifuko vya sen (hela ya kwenye gemu) kwa wafanyabiashara, hela ikiwa ndani ya kifuko haipotei. Na pointi ya ujuzi ukishaipata haichukuliwi, kinachopungua ni ile unayoikusanya kuelekea pointi nyingine, so maliza kwanza pointi ndo uingie.

Swali: watu wangu wa kwenye gemu wameanza kukohoa ndo wanakufa?
Jibu: Hawafi dada, ni ugonjwa unaokuja ukifa sana, mambo yao tu yanasimama na ule msaada wa miungu, yaani bahati ya kufa bila kupoteza hela, unapungua. Emma ana tiba, utahitaji tone la damu ya joka, usiharakishe kulitumia, subiri mpaka umpige bosi aliyekukwamisha.

Swali: Hivi Ashina ilikuwepo kweli au wametunga?
Jibu: Nchi ya kwenye gemu wametunga, ila enzi ni ya kweli, Sengoku, vita vya mabwana wa Japani vilivyoanza 1467 na kudumu zaidi ya karne. Na ukoo wa Ashina ulikuwepo kweli, walitawala Aizu kaskazini mpaka Date Masamune alipowavunja pale Suriagehara mwaka 1589. Miji ya kule theluji inaanguka kweli kweli kama unavyoiona kwenye ngome.

Swali: mi natumia kibodi inawezekana?
Jibu: Inawezekana, kupangua ni kitufe cha kulia cha mausi. Ila ukipata padi chukua padi.