Kipi kiingie mkusanyiko maalumu, kipi kibaki rafuni

Mkutubi mgeni anayechagua vya mkusanyiko maalumu, yaani vitabu vinavyotunzwa kando kwa kuwa ni vigumu kupata vingine kama hivyo, huanza na sura: kurasa za manjano, jalada limechoka, basi ni hazina. Sivyo. Karatasi ya mbao, iliyoenea tangu nusu ya pili ya karne ya 19, mara nyingi huwa na asidi. Riwaya ya juzijuzi inaweza kumeguka mkononi, huku kitabu cha mwaka 1600, cha karatasi ya matambara, kikikunjuka vizuri tu. Swali ni moja: nakala hii ikipotea, tutapata nyingine kama hii?

Hatua ya 1: Tazama mwaka. Vya Ulaya vilivyochapwa kabla ya 1501 haviulizwi, vinaingia. Maktaba nyingi huchukua pia vya hadi 1800 hivi, enzi za mtambo wa kuchapia wa mkono.

Hatua ya 2: Ifungue nakala yenyewe. Hapa usiharakishe. Tafuta sahihi, majina ya waliowahi kuimiliki, maandishi ya pambizoni. Niliwahi kutupia kitabu cha hesabu kwenye rundo la kuondolewa kwa vile kilichorwachorwa. Mwenzangu akakiokota: yale yalikuwa masahihisho ya mwandishi mwenyewe, kwa penseli, akiandaa toleo la pili. Bado naona haya.

Hatua ya 3: Pekua katalogi za pamoja, yaani orodha za vitabu vya maktaba nyingi, kama WorldCat, uone kama wengine wanacho. Ila vijitabu vya kurasa nane mara nyingi havikuorodheshwa popote.

Hatua ya 4: Je, kinaendana na mkusanyiko wenu? Kama hakiendani, mpe atakayekitumia.

Hatua ya 5: Namba ya rafu iandikwe kwa penseli laini. Muhuri na gundi, hapana. Kisha rekebisha katalogi siku hiyohiyo.

MASWALI

Mwalimu, toleo la kwanza huingia moja kwa moja?
Hapana. Vitabu vingi havikupata toleo la pili kabisa, kwa hiyo kuwa la kwanza peke yake si sababu.

Tuvae glavu?
Kwa picha za kamera, sawa. Kwa karatasi, mikono safi na mikavu inatosha. Glavu hupoteza hisia za vidole, ukurasa ukachanika.

Mzee ametuletea vitabu vyake, anataka vyote viingie. Tumwambieje?
Mwambieni kabla hamjavipokea kwamba uamuzi ni wa maktaba, na aweke sahihi. Mkishapokea bila karatasi, mmekwisha.