Somo: Kuitumia maktaba ya mkoa, kuanzia mlangoni hadi kwenye rafu (Mtwara na Lindi)

Wengi wetu huku kusini tunaijua maktaba ya mkoa kama mahali pa wanafunzi kujisomea mitihani inapokaribia. Viti vinajaa madaftari, na rafu zilizo nyuma yao hazijaguswa. Hiyo ni huduma, lakini ni sehemu ndogo tu. Zile rafu zinamhusu mwenye mikorosho Tandahimba, mkulima wa ufuta Ruangwa, mvuvi wa Mikindani, fundi cherehani na mama mwenye kuku wa mayai. Kinachowakatisha tamaa mara nyingi ni kwamba mtu anaingia, anaona namba zimepangwa kila mahali, hajui aanzie wapi, anatoka. Kwa hiyo somo hili litakaa sana kwenye namba.

Maktaba za mikoa zipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963 na sasa inafanya kazi kwa Sheria Na. 6 ya 1975. Ndiyo hiyo hiyo inayosimamia Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1967. Faida yake kwako ni kwamba upangaji wa vitabu ni mmoja: ukizijua rafu za Mtwara, hutapotea Lindi wala Dar.

Hatua ya 1: Kujiandikisha

Ukitaka kuazima kitabu uende nacho nyumbani, lazima uwe mwanachama. Ada hupangwa na Bodi, kwa hiyo iulize mezani siku unapochukua fomu, usitegemee ya kuambiwa na jirani aliyejiandikisha miaka mitatu iliyopita. Nenda na picha 2 za pasipoti, kitambulisho, na uwe umeshamfikiria mdhamini: mwajiri, mkuu wa shule, au mtendaji wa mtaa wako. Kosa linalowarudisha watu nyumbani ni saini bila muhuri. Mdhamini akishasaini, usiondoke hapo kabla hujauona muhuri kwenye karatasi, tena uliokolea.

Mtoto huandikishwa na mzazi au mlezi. Mabegi makubwa huachwa mapokezi, kwa hiyo toa simu na fedha kwanza, uingie na daftari na kalamu.

Hatua ya 2: Mweleze mkutubi shida, usimtajie kitabu

Ukisema "naomba kitabu cha korosho," utapewa chochote chenye neno korosho, hata takwimu za mauzo ya nje. Ukisema "maua ya mikorosho yangu yanaingia unga mweupe kisha yanakauka, nataka kujua salfa ipigwe lini," mkutubi anajua moja kwa moja kuwa unasumbuliwa na ubwiriunga, na kwamba vitabu vyake vinaweza kuwa sehemu mbili: penye miti ya matunda na penye magonjwa ya mimea. Mweleze pia unasoma kwa lugha gani, na kitabu ni chako au ni cha mtoto wa darasa la ngapi. Kuuliza si aibu, ndiyo kazi yake aliyoisomea.

Hatua ya 3: Namba za mgongoni

Chukua kitabu chochote, kitazame mgongoni upande wa chini. Pana karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye maandishi ya namna hii:

633.85
MWA

Namba ya juu ni mada. Herufi za chini ni mwanzo wa jina la ukoo la mwandishi. Vitabu vya mada moja vikishakaa pamoja, hupangwa kwa hizo herufi: ABD, kisha MWA, kisha SAI.

Mfumo huu ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa 1876. Maarifa yamegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu linakatwa vipande vidogo zaidi. Huna haja ya kuyakariri yote. Haya ndiyo yatakayokufaa zaidi huku kwetu:

- 632 magonjwa na wadudu wa mimea
- 633 mazao ya shambani (ufuta na mazao mengine ya mafuta 633.85, muhogo 633.68)
- 634 miti ya matunda na misitu (korosho ndani ya 634.5, minazi 634.61, misitu 634.9)
- 635 mboga na bustani
- 636 mifugo (kuku 636.5)
- 638.1 nyuki
- 639.2 uvuvi
- 629.28 matengenezo ya magari na pikipiki
- 646.4 ushonaji
- 657 uhasibu na utunzaji wa hesabu
- 340 sheria, na 297 Uislamu, 220 Biblia
- 967.8 historia ya Tanzania

Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na lugha ya Kiswahili yenyewe ni 496.392. Tazama mkia wa namba hizo mbili: 96.392 ndiyo Kiswahili, na tarakimu ya mbele inasema ni nini cha Kiswahili. 4 ni lugha, yaani sarufi na kamusi. 8 ni fasihi, yaani riwaya, tamthiliya na mashairi. Anayetafuta diwani kwenye 400 atazunguka mpaka maktaba ifungwe.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Minazi ni 634.61 na misitu ni 634.9. Mtu anaona 61 ni kubwa kuliko 9, anaenda kutafuta minazi baada ya misitu, anakosa, anasema kitabu hakipo. Baada ya nukta usisome "sitini na moja." Soma tarakimu moja moja, kama unavyofuata herufi kwenye kamusi: nukta tano, nukta sita, nukta tisa. Kwa hiyo mpangilio wa rafuni ni 634.5, 634.61, 634.9. Ukiishika hii tu, umemaliza nusu ya safari.

Jambo la pili: rafu husomwa kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kabati moja kwa moja. Ukifika mwisho wa ubao wa juu, shuka chini kwenye kabati hilo hilo, usirukie kabati la jirani.

Hatua ya 4: Visivyoazimwa

Kitabu chenye alama ya R au REF juu ya namba ni cha rejea: kamusi, ensaiklopedia, atlasi, sheria. Husomwa hapo hapo. Magazeti na Gazeti la Serikali vivyo hivyo. Vipeperushi vya kilimo ni vyembamba mno kusimama rafuni, ndiyo maana mara nyingi huwekwa kwenye maboksi. Viulizie. Kipeperushi cha kurasa nne kutoka kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, ambacho kazi yake kubwa ni korosho, kinaweza kukusaidia kuliko kitabu cha kurasa mia tatu kilichoandikwa kwa udongo wa nchi nyingine.

Hatua ya 5: Kunakili

Kabla hujaandika lolote, andika vitu vinne juu ya ukurasa wa daftari: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na namba ya mgongoni. Kisha kila hoja iwekee namba ya ukurasa wake. Asiyefanya hivyo hulazimika kurudi na kuanza upya. Kutoa kopi ya kurasa chache kwa kujisomea ni sawa. Kutoa kopi kitabu kizima ni kwenda kinyume na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999.

Hatua ya 6: Kuazima na kutunza

Tarehe ya kurudisha hugongwa muhuri kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada. Ifuate hiyo. Kama hujamaliza, rudi kabla ya siku hiyo uongezewe muda. Ikishapita, ni faini.

Hewa yetu ya pwani ni adui wa karatasi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huanza kuota, na hapa Mtwara kiwango hicho si cha kutafuta. Usikifunge kitabu ndani ya nailoni, kwa sababu jasho linabaki humo humo. Usikilaze sakafuni wala kukiegemeza ukutani, kwa ajili ya mchwa. Kiweke juu ya meza, mbali kidogo na ukuta, mahali upepo unapita. Ukurasa ukichanika, usibandike selotepu: gundi yake hugeuka njano, hupenya na kuila karatasi. Weka kipande kilichochanika ndani ya bahasha, ukirudishe na kitabu, useme ukweli. Wenyewe wana namna yao ya kushona na kubandika.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Chikongola: Shikamoo mwalimu. Niliacha shule kidato cha pili, sasa najiandaa kwa QT (Mtihani wa Maarifa). Vitabu vya maktaba vingine vya zamani sana. Nitajuaje kipi kinanifaa?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kurudi. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, utaona mwaka wa toleo. Kisha omba muhtasari wa somo unaotumika kwa mtihani wako, ulinganishe mada moja moja. Hisabati, fizikia na kemia hazichakai haraka: mlinganyo wa kitabu cha 1995 bado ni mlinganyo. Uraia na jiografia ya uchumi ndivyo vya kuangalia sana. Kumbuka pia mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kuingia madarasani Januari 2024 kwa awamu, kwa hiyo kitabu kipya kabisa cha dukani nacho huenda si cha mtihani wako. Muhtasari kwanza, kitabu baadaye.

Kutoka Newala: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siwezi kufika Mtwara mara kwa mara. Uanachama utanifaa nini?

Utakufaa ukipanga safari. Njoo na maswali yaliyoandikwa, si kichwani. Asubuhi malizana na vitabu vya rejea, maana hivyo huondoki navyo. Mchana chagua vya kuazima. Siku hiyo hiyo mweleze mkutubi umbali wako, muulize kama muda unaongezwa kwa simu, na uchukue namba ya ofisi. Pia mpelekee barua ya mkuu wa shule kuomba ushauri wa kuanzisha kona ya vitabu shuleni. Hata vitabu 40 vikiwekewa namba, daftari la kuazimia na mwanafunzi mmoja wa kuvisimamia, hiyo tayari ni maktaba.

Kutoka Lindi, Mtanda: Katalogi, ile orodha ya vitabu vya maktaba, inasema kitabu kipo, lakini rafuni sikipati. Nimerudi mara mbili.

Kwanza angalia mezani na kwenye kitoroli cha vilivyorudishwa leo. Pili, tafuta ubao wa juu na wa chini yake, halafu ingiza mkono nyuma ya vitabu, kwani vyembamba husukumwa nyuma vile vinene vinaporudishwa. Tatu, jaribu namba iliyogeuzwa: cha 633.85 hukutwa kwenye 638.35. Nne, vitabu vipana huwa na rafu yao peke yao. Ukikikosa kote huko, omba kiwekewe alama, ili kikirudi utunziwe wewe. Na tafadhali sana, kitabu ulichokitoa rafuni usikirudishe mwenyewe kama huna uhakika na mahali pake. Kiache mezani. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea.

Kutoka Mikindani: Kitabu nilichoazima kimenyeshewa. Nimekianika juani, kurasa zimejikunja. Nifanyeje?

Kiondoe juani sasa hivi. Jua hukausha juu kwa haraka, katikati pakabaki pabichi. Weka karatasi nyeupe za kufyonza maji, hata toileti pepa, kila baada ya kurasa 10 hivi, na uzibadilishe zikilowa. Usitumie gazeti, wino wake huhama. Maji yakipungua, kisimamishe kimefunguka kidogo mbele ya feni, kivulini. Kikibaki na ubaridi tu ukikigusa, kifunge na kukandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Una kama siku mbili kabla ukungu haujaanza. Kurasa zilizoshikana usizibandue kwa nguvu. Kirudishe na uwaeleze.

Kutoka Ligula: Mwanangu wa darasa la nne anauliza habari za mjusi wa Tendaguru. Nimetafuta kwenye historia ya Tanzania sikuona.

Mjusi yule hakai kwenye 967.8. Tafuta 567.9, penye mabaki ya wanyama watambaao wa kale, maana Dewey humfuata mnyama, hafuati mahali alipochimbwa. Mifupa ilichimbwa na Wajerumani huko Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na umbo lililosimamishwa kule lina kimo cha zaidi ya mita 13. Kwenye kitabu tazama faharasa ya mwisho, herufi T, neno Tendaguru, kabla ya kufungua ukurasa mwingine wowote. Mwache mtoto aitafute mwenyewe hiyo T.

Kutoka Masasi: Nimeandika kijitabu kuhusu uchongaji wa Kimakonde. Kinaingiaje maktaba?

Kabla ya kuchapa, omba ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ndiyo inayozitoa hapa nchini. Tangu 2007 ni tarakimu 13. Nyingi za Tanzania utaona 9976 au 9987 baada ya 978. Usichape kwanza ukaomba baadaye, maana namba hukaa nyuma ya ukurasa wa jina na kwenye jalada la nyuma, na ukichelewa utaishia kubandika vikaratasi. Kikishatoka, nakala zinazotakiwa kisheria hupelekwa Maktaba Kuu ya Taifa. Nakala ya maktaba ya mkoa ilete mwenyewe mkononi. Na kitengeneze kiwe na mgongo wa kubandika namba: cha kupigwa pini katikati hakina mgongo, kitaishia kwenye boksi la vipeperushi.