Kuikinga alumini ya boti isiliwe na maji ya chumvi

Alumini haitoi kutu nyekundu kama chuma. Mguu wa mashine (sehemu ya chini inayoingia majini na kubeba propela) au mabano yake ya kuifungia kwenye boti yakianza kuliwa, rangi huvimba malengelenge, na ukiikwangua unakuta unga mweupe na vishimo chini yake. Alumini hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaoikinga. Utando huo huharibika chumvi inapobanwa mahali pasipokauka, na hali huwa mbaya zaidi pale alumini inapogusana na metali nyingine. Kwa hiyo anza na bolti, rangi baadaye.

Ngoja bamvu, siku maji yanapokupwa sana, boti ikae mchangani, upate saa chache za kufanya kazi pakavu. Fungua bolti za stenlesi moja moja, usizitoe zote kwa pamoja. Osha tundu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likauke, kisha lisugue kwa msasa namba 120 mpaka alumini ing'ae. Paka praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushikia) siku hiyo hiyo, makoti mawili. Wakati wa kurudisha, weka washa ya plastiki ngumu chini ya kichwa cha bolti na chini ya nati, na paka grisi ya baharini kwenye nyuzi zote. Kinachotakiwa ni kwamba maji ya chumvi yasipate njia ya kuunganisha metali mbili. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini huvumilika kwa muda mrefu. Ribiti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la stenlesi au shaba huliwa upesi sana, usiifunge kamwe.

Shaba ndiyo adui mkubwa. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba isipakwe kwenye alumini. Hata kipande cha waya wa umeme kilichoanguka ndani ya ngama (sakafu ya chini ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ya boti ya alumini kinaweza kutoboa bamba, kwa hiyo kiokote.

Ukirudi kutoka baharini, suuza mashine siku hiyo hiyo. Vua propela, shusha mguu kwenye pipa la lita 200, maji yafunike matundu ya kuvutia maji. Gia iwe huru, mashine iungurume polepole dakika 10 hadi 15. Usiikatishe mapema: themostati, kilango cha maji ya kupoza, hufunguka mashine ikishapata moto, na kabla ya hapo sehemu ya juu haijasuuzwa. Maji ya pipa yakishatumika mara moja yana chumvi, yabadilishe. Onja pia maji ya kisima, maana visima vingi vya karibu na ufukwe vina magadi au chumvi. Maji ya mvua uliyokinga ni bora kuliko hayo.

Kusafisha unga mweupe, changanya siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 5, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza sana. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe zinazoendelea kuila alumini. Majivu na mchanga wa pwani tunavyosugulia sufuria visitumike hapa: majivu mabichi hula alumini, na mchanga unarudisha chumvi ileile. Kostiki soda ndiyo mbaya kuliko yote.

Mwisho ni zinki, kile kipande kilichofungwa juu ya propela na kingine chini ya mabano. Hicho huliwa kwa niaba ya mashine, basi usikipake rangi wala grisi pale kinapogusa alumini. Kikifika nusu, badilisha. Usichukue cha magnesiamu, hicho ni cha maji ya ziwa na baharini huisha haraka mno. Zinki ikikaa majini miezi kadhaa bila kupungua, haigusi vizuri: ifungue, sugua pande zote mbili hadi metali itoke, ifunge tena, na upime kwa mita ya umeme. Ukinzani wa umeme kati ya zinki na mguu wa mashine usizidi omu 1.